Nitakula Njiani

Katika Karatu yote hii, kuanzia stendi mpaka kule lami inakopanda kuelekea geti la Ngorongoro, hakuna mtu anayejua mapenzi ya watu kuliko mimi. Naweza kuapa. Basi, labda mke wa katekista. Na yule mama muuza sabuni, maana yeye hujua shuka za nani zinafuliwa mara ngapi. Na Leonida, ambaye habari hii yote nimeipata kwake. Lakini ukiwaondoa hao watatu, na dada zao, ni mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada. Vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye kope za punda. Huku mbuzi wanalia, kule wenzao wanalia juu ya mkaa, na katikati wageni wa kizungu wanapiga picha ndoo za plastiki, kana kwamba kwao maji huchotwa kwa kofia.

Petronila alikuwa ameinama kwenye turubai la mitumba. Alivaa sketi ya kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, sweta ya kijani, na kilemba kilichofungwa haraka haraka, kama mtu aliyetoka nyumbani bila mpango wa kupendeza. Hakupanga, lakini alipendeza. Mjane, hajafika arobaini, ana binti mmoja bweni na mgahawa wa mabati kando ya barabara ya geti, ambako madereva wa watalii hula kabla ya kupanda mlima. Alikuwa ameinua blauzi nyeupe juani, anatafuta tundu.

"Liko kwapani," sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

"Kwapa langu linakuhusu nini?" akajibu bila kugeuka.

"Halinihusu. Ila zamani gauni lako lilikuwa na matundu makwapa yote mawili, na hukulalamika. Ulisema yanaingiza upepo."

Petronila akageuka. Mwanaume mrefu, mwembamba, shati la kaki lenye nembo ya tembo kifuani, suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, miwani ya jua juu ya kichwa. Sura hakuijua. Halafu akaliona kovu kwenye nyusi, alilompa yeye mwenyewe kwa jiwe, siku walipogombea kiazi.

"Tluway!"

"Saita, Nila," akamsalimia kwa Kiiraqw.

Hakuna aliyekuwa akimwita Nila tena. Mjini yeye ni Mama Lightness, au mama makande, au kwa wale wanaotaka kuongezewa maharage, dada yangu mpendwa. Nila alikuwa mtoto wa kijiji cha Buger aliyechunga mbuzi na Tluway, akala naye viazi vilivyofukiwa kwenye majivu, akashindana naye kunywa chai ya maziwa iliyotoka motoni wakati huo huo. Mama yake Tluway akiwamiminia, anayepuliza ameshindwa. Walikunywa machozi yakitoka, ulimi umebabuka, wanacheka. Kisha Nila akapelekwa Mbulu kwa shangazi, Tluway akaenda Arusha kujifunza gari, na utoto ukaisha bila mtu kutangaza.

Wakanunua mahindi ya kuchoma, wakasimama kando ya matairi ya lori.

"Halina utamu ule," Petronila akasema, anatafuna.

"Hindi ni lile lile. Wewe ndiye umekula chumvi nyingi duniani."

"Hapana. Lile tulikuwa tunaiba. Tunatafuna huku tunasikiliza kama mwenye shamba anakuja. Hili nimelinunua, nalitafuna huku nafikiria jino langu la nyuma."

"Basi tukaibe."

"Na kaki hilo? Watakamata kampuni nzima, mpaka tembo wako."

Tluway akacheka, kicheko kile kile cha zamani kilichoanzia mabegani. Lakini hindi lake alikuwa akilipukuchua kwa kidole gumba, punje baada ya punje, na punje zilikuwa zinawaangukia kuku wa watu.

"Mbona huli?"

"Nakuangalia wewe. Nitakula njiani."

Hapo nikwambie wewe msomaji jambo ambalo Petronila hakuliona. Mapenzi yana macho ya kuku: mchana yanaona hata chembe ya mtama, jua likishuka tu hayaoni ukuta. Tluway hakula kwa sababu chakula kilikuwa hakishuki. Tangu kiangazi kitu kilikuwa kimekaa katikati ya kifua chake, mahali chakula kinapopita, kama mtu aliyekaa mlangoni akauliza kila tonge: wewe nani, unakwenda wapi? Alidhani ni vidonda vya tumbo. Alinunua dawa za mitishamba kwa mama mmoja wa sokoni, akanyamaza.

Simu zikaanza.

"Nila, uko wapi?"

"Niko na sufuria. Wewe?"

"Ukingoni mwa kreta, nimepanda kutafuta mtandao. Nina faru wawili na Wajerumani sita."

"Nani wazuri?"

"Faru. Hawaulizi maswali."

"Na mimi?"

"Wewe unauliza kuliko Wajerumani. Lakini wewe nakujibu, malkia wangu."

"Malkia gani ananuka vitunguu?"

"Huyo huyo. Huku ni ukungu mtupu na baridi ya kukata masikio. Ningekuwa na harufu ya vitunguu hapa ningejifunika nayo."

Petronila alikata simu akajikuta anatabasamu mbele ya makande. Leonida, anayemsaidia kuosha vyombo, akamwambia, "Mama Lightness, maharage hayo yataona aibu."

Jioni Tluway akiteremka na wageni wake, akishawafikisha lodji, alikuja mgahawani. Alikaa benchi la pembeni, akaomba makande yafungwe. "Nitakula njiani," alisema kila mara, na Petronila aliyafunga kwenye chombo chenye mfuniko wa pinki, akaongeza kipande cha parachichi juu. Tluway naye hakuja mikono mitupu. Alimletea boksi lake la chakula cha mchana, lile ambalo kila dereva hupewa na kampuni ashuke nalo kreta. Paja la kuku, yai, kipande cha keki, andazi, ndizi. Vyote vizima. Juisi tu ndiyo ilikuwa imenywewa, na maziwa ya mtindi.

"Unanilisha mimi, wewe utakula nini?" Petronila akamuuliza.

"Nakula kwa macho. Kula nikuone."

Alikula mbele yake, anaona haya, anajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Zamani kipande cha keki kingewafanya wapigane mpaka damu. Sasa keki ilikuwa kavu, inabandika kwenye ufizi, na hata hivyo hakuwahi kula kitu kikamtia joto namna ile, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejinyima akaileta kutoka shimoni. Ndivyo alivyodhani. Mwanamke akidhani vizuri, muache adhani. Siku zake za kudhani vibaya zitafika zenyewe.

Mvua ya kwanza ikawakuta mgahawani, Jumapili mchana, wateja hakuna.

"Jina lako limekuja," Petronila akasema, maana kwa Kiiraqw Tluway ndiyo mvua.

"Twende nje."

"Nimesuka jana!"

"Nila, tulikuwa tunakimbia uchi, midomo wazi kama vifaranga."

"Sasa nikikimbia uchi barabara ya geti, watalii hawatapanda tena kreta. Watabaki hapa."

Lakini wakatoka. Walisimama uani kati ya kamba ya nguo na choo, wameshikana mikono, maji yanawapiga. Na ikawa hivi. Utotoni mvua hukunyeshea wewe peke yako. Ukishakua, inanyesha na kwenye maharage uliyoanika, na kwenye bati lenye tundu juu ya kitanda, na kwenye ile njia ya kushuka kreta ambayo kesho itakuwa sabuni chini ya tairi. Tluway aliiona njia ile. Petronila aliona kaburi la Vedasto, mumewe, ambalo hajalisakafia, udongo unadidimia upande wa miguu. Wote wawili walicheka kwa sauti, ili mwenzake asijue anaona nini.

"Nimelowa mpaka shimizi," Petronila akasema.

"Sikuangalia."

"Mwongo wewe!"

"Nila. Nataka kuja kwa kaka zako."

"Kufanya nini? Hawauzi mbuzi mwezi huu."

"Sinunui. Naomba."

Alimvuta ndani, akamvika khanga kavu mabegani, akapuliza moto. Ndipo akamwambia habari za Vedasto, kwa sababu mwanamke mwenye akili, kabla hajasema ndiyo, hufungua kabati lote.

"Ilikuwa koo. Alianza kuacha nyama. Nikasema amekuwa mtakatifu. Akaacha ugali. Nikasema ananichoka, nikampigia kelele, nikamuuliza anakula kwa nani. Nilimpigia kelele mgonjwa, Tluway. Mwisho hata mate yalikuwa hayapiti, anatema kwenye kopo, na mimi ndiye niliyeshika kopo. Mwanaume aliyenibeba mgongoni kuvuka korongo nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja." Akachochea moto, cheche zikaruka. "Mimi nimemwambia Mungu, kama ana mpango wa kunipa mwingine, anipe anayekula. Hata akiwa mlevi. Awe anakula tu."

Akacheka. Akapakua makande, akaweka sahani mbele ya Tluway, moshi unapanda. "Leo mvua, huna njia ya kulia. Kula hapa nikuone."

Tluway akala vijiko vitatu. Cha nne kikasimama. Akasema simu inamtetemekea mfukoni, akatoka nayo sikioni, akaenda nyuma ya choo. Mvua ilikuwa nzito, Petronila hakusikia kitu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sahani yake kuku wa jirani alikuwa ameshaipanda.

"Mvua imeniingia machoni," akasema.

Alhamisi ile akaenda hospitali. Akawekewa mpira wenye taa kooni, akaambiwa asubiri, akaitwa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye koti kubwa kuliko mwili. Akamuuliza kama anavuta sigara. Hapana. Pombe? Ya sherehe. Chai?

"Nakunywa."

"Ya moto sana?"

Tluway akacheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. "Daktari, mimi nilikuwa bingwa wa kijiji. Kuna binti mmoja tu aliyenishinda."

Daktari hakucheka. Alisema hakuna ajuaye kwa hakika nini kinamwita mgeni huyu, saratani ya njia ya chakula, wao huuliza tu. Akasema ingefaa aje mapema. Akasema sasa wanaweza kupitisha kibomba kidogo, supu na uji vipite, kwa muda. Muda gani? Daktari akaangalia dirishani, na dirishani hakukuwa na kitu.

Kwa hiyo elewa hali ya huyu mwanaume. Jumapili ameomba mke. Alhamisi amekuwa kile kitu ambacho mke huyo alimwomba Mungu asimletee tena. Angesema, Petronila angebaki, maana alikuwa wa namna hiyo, na angeshika kopo mara ya pili. Asingesema, angegundua mwenyewe siku moja, sahani mkononi. Tluway aliendesha gari mpaka ukingoni, akaegesha mahali wageni husimama kupiga picha, akalia akiwa amewasha redio.

Kwa kaka zake Petronila hakwenda. Wiki hii alisema ana safari, wiki ile alisema gari lina matatizo. Makande aliendelea kubeba.

Ndipo Leonida akarudi kutoka Rhotia na kitu mdomoni, kinamuunguza.

"Mama Lightness, mimi si mmbea."

"Hapo najua ni kubwa. Sema."

"Nimemwona dereva wako. Kwenye banda la Dorkasi, yule auzaye mtori wa ndizi na uji. Amefungwa taulo shingoni kama mtoto. Na yule mwanamke anampulizia bakuli. Anampulizia, mama! Halafu anamfuta kidevu."

Petronila akachukua simu, mikono ina unga.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Ndutu, huku mbugani, mama. Nina wageni."

Nyuma yake jogoo akawika, jogoo wa nguvu, aliyeshiba.

"Ndutu kuna majogoo?"

"Wa lodji."

"Lodji ya dola inafuga jogoo?"

"Nila, mtandao unakatika..."

"Usiukate wewe, uache ukatike wenyewe," akasema, lakini alikuwa anazungumza na ukimya. Akavua aproni, akapanda bodaboda vilevile na unga wake, akamwambia Leonida asiunguze maharage.

Banda la Dorkasi lilikuwa la turubai la bluu, karibu na barabara. Dorkasi mwenyewe alikuwa mwanamke mkubwa, mweupe wa meno, aproni ya maua, mikono ya kupakata ndama. Tluway alikuwa kwenye kigoda, taulo shingoni, bakuli la mtori magotini. Alipomwona Petronila akataka kusimama, mtori ukammwagikia kaki.

"Kaa," Petronila akasema. "Usikatishe chakula. Kumbe unakula! Mimi nilidhani nyie madereva mnatumia dizeli."

"Nila, nisikilize."

"Miezi yote hii nafunga makande, naweka parachichi. Parachichi, Tluway! Kumbe ni ya mbuzi. Binadamu unakuja kula hapa, unapuliziwa. Huyu ni nani?"

Tluway alikuwa na nafasi ya kusema. Nakwambia, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akamtazama usoni, kwenye unga uliokauka shavuni, akaliona kopo la Vedasto. Na mlango ukafunguka mbele yake, mlango mbaya lakini wa kutokea.

"Huyu ndiye mwanamke wangu," akasema. "Nilikuwa nataka kukwambia."

Kijiko kikamwanguka Dorkasi. Akafungua mdomo. Tluway akamwangalia, na sijui aliweka nini kwenye yale macho, Dorkasi akaufunga.

"Ndiyo," Dorkasi akasema polepole, kama mtu anayepokea mzigo usio wake. "Ni... wangu."

"Hongera. Na makande yangu alikuwa anakula nani?"

"Mlinzi wa gereji," Tluway akasema.

"Alisemaje?"

"Matamu."

"Basi afadhali mlinzi. Yeye angalau ana koo."

Akapanda bodaboda yake. Tluway akabaki ameshika bakuli mpaka likapoa.

"Kaka yangu," Dorkasi akasema, "umefanya nini? Mume wangu akisikia?"

"Mwambie nimeazima jina lako tu. Nimemwachia Nila njia ya kuondokea."

Sasa nikwambie ukweli mwingine: kuachwa kuna raha zake. Majirani walimletea Petronila sukari, soda, na maneno. Walikaa kwenye mabenchi yake wakamtukana Tluway kwa zamu, wakala. Mpaka wanawake ambao hawakuwa wakimsalimia walimshika mkono sokoni. Alikuwa hajapendwa namna hiyo tangu msiba wa Vedasto. Hasira ilimpa hamu ya kula, akanenepa kidogo, kilemba akawa anakifunga vizuri.

Ikawa hivyo mpaka mchana mmoja Rafaeli, dereva wa kampuni ile ile, alipokuja kumsubiria mgeni wake mgonjwa wa tumbo. Alikuwa na boksi lake la chakula. Akalifungua juu ya meza. Akala paja la kuku, akavunja mfupa akafyonza. Akala yai kwa kung'ata mara mbili. Akala andazi, keki, ndizi. Kisha akasukuma boksi.

"Juisi huinywi?" Petronila akauliza, anafuta meza.

"Juisi? Hiyo ya watoto, mama. Na huo mtindi ni maji matupu. Sisi madereva wote huwa tunaviacha, tunawagawia watoto geti. Nani atashuka kreta kutwa nzima aende akashibe juisi?"

Petronila akaendelea kufuta pale pale. Alifuta mpaka Leonida akamwangalia. Kila jioni, boksi zima. Nyama ipo, yai lipo, keki ipo. Juisi haipo. Mtindi haupo.

"Tluway yuko wapi?" akauliza, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Hukuambiwa? Karudisha gari. Yuko kwao Buger, nyumba ya marehemu mama yake. Ungemwona sasa, amekwisha kama mwiko. Hata mate anameza kwa mipango."

"Na Dorkasi anamtunza?"

"Dorkasi yupi? Mke wa Silvanus fundi? Atamtunzaje, ana watoto sita na Silvanus ni wa saba."

Leonida alikuwa ameacha kuosha. Rafaeli alipoondoka akamshika Petronila bega, akamkalisha.

"Usiende," akasema. "Mimi nakwambia kama dada. Umeachwa mbele ya watu, kila mtu anajua. Hakuna atakayekulaumu. Yule baba amekufanyia wema wa ajabu, amejipaka matope ili wewe upite. Pita, mama. Vedasto alikuacha mifupa. Lightness akirudi likizo akukute tena umeshika kopo?"

"Najua."

"Na kaburi la kwanza hujasakafia!"

"Najua, Leonida."

Siku ile makande yaliungua. Kesho yake yalizidi chumvi, madereva wakanywa maji mengi na hawakusema. Petronila alikuwa anauza, anarudisha chenji, na ndani yake alikuwa amesimama njia panda. Kubaki na uongo ule mzuri, akaishi. Au kuukataa, akarudi kwenye chumba kile chenye harufu anayoijua. Usifikiri ni jambo dogo. Wengi wangebaki. Mimi ningebaki, tena ningelipisha watu kunisikiliza.

Jioni, wakati wa kufunga, akakaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Hakukinywa.

"Leonida, unakumbuka wewe chakula kitamu kuliko vyote ulichowahi kula?"

"Pilau ya ubarikio wangu kanisani. Nilitapika."

"Mimi nilidhani ni viazi vya Buger. Vya kwenye majivu. Kumbe sikumbuki ladha, nakumbuka kugombania tu. Unajua ni nini? Wiki ya mwisho ya Vedasto. Hakuna kilichokuwa kinapita. Nikampa kijiko cha mtindi, tena bila matumaini, kama unavyomwagilia jiwe. Ukashuka. Akafungua macho akaniangalia. Hakuweza kusema, lakini uliona ameshangaa kama mtoto. Kijiko kimoja. Mimi sikukila, na sijawahi kula kitu kikaniingia namna ile."

"Kisha akafa," Leonida akasema.

"Kisha akafa."

Gari la watalii likapita, likawarushia vumbi.

"Hakunipa nafasi ya kumkataa," Petronila akasema. "Alinikatalia yeye. Aliamua mimi naweza nini na siwezi nini, kama anapanga viti vya gari. Hiyo ndiyo inayoniudhi."

"Basi nenda kamtukane, urudi."

"Ndiyo. Nitakwenda kumtukana."

Nyumba ya Buger ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeingia kutu, imekaa chini ya mteremko, na juu yake ukungu wa msituni unashuka taratibu. Petronila alifika asubuhi, kwa toyo ya mzee Qamara, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Qamara aliambiwa abaki juu barabarani na asifungue mdomo. Petronila akateremka njia ya mbuzi kwa miguu, chupa ya mtori kwapani. Amevaa blauzi nyeupe, kilemba cha zambarau, hereni. Mtu hatukanani amevaa vibaya.

Tluway alikuwa kibarazani, kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani. Kaki ile ile, sasa ingetosha watu wawili. Alipomwona aliegemea nyuma, kama mtu aliyepigwa mwanga wa gari.

"Umefuata nini?"

"Sikukufuata wewe. Napita. Nakwenda Kansay, kuna ubarikio wa mtoto wa binamu."

"Kansay si njia hii."

"Tumezunguka. Barabara ile mbaya."

"Nila, nenda. Dorkasi atakukuta hapa."

"Dorkasi anakusalimu. Na mumewe anasema ukimaliza kumwazima mke, umrudishe na bakuli."

Tluway akafumba macho. Alisikika akivuta mate kwa shida, na hapo kando ya mguu wa kiti kulikuwa na kopo, na Petronila aliliona, na yeye akaona kwamba ameliona.

"Ulisema unataka anayekula," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilisema."

"Basi."

"Basi nini? Nilimwambia Mungu, sikukwambia wewe. Nani alikutuma ujibu kwa niaba yake? Mjinga wewe. Mrefu bure."

Akamimina mtori kwenye mfuniko, akaugusa kwa mdomo kuona kama umepoa, akapuliza hata hivyo. Akachota nusu kijiko. Tluway akageuza uso.

"Utarudi. Unarudi wote. Nitakuchafulia blauzi."

"Ina tundu kwapani, haina thamani. Fungua."

Cha kwanza kilirudi. Akamfuta. Cha pili kikarudi nusu, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na Petronila akamshika mgongo, akahesabu mifupa kwa kiganja bila kutaka. Cha tatu Tluway alikishika mdomoni, akakiacha kikalainika, akainamisha kichwa upande aliojifunza mwenyewe. Kikaenda. Wote wawili walikaa bila kutikisika. Ng'ombe wa jirani alilia huko bondeni.

"Kimepita," Tluway akasema.

"Kimepita?"

"Kimepita, Nila. Mtori una ndizi. Una nini kingine, ni nazi?"

"Ni maziwa, mshamba wewe."

"Nilikuwa namaliza sinia zima kwa mama, nakimbilia mpira, ukiniuliza nimekula nini sijui." Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hakuyasingizia mvua. "Ni maziwa. Kweli, ni maziwa."

Petronila akakaza mfuniko wa chupa, akasimama, akakung'uta sketi. Alikuwa hajiamini kukaa zaidi.

"Haya. Mimi niende, ubarikio utanipita. Chupa nakuachia."

"Nenda salama," Tluway akasema, anamwangalia. "Usirudi, tafadhali. Kweli nakuomba. Huko mbele ni kubaya, na wewe unakujua."

"Nani arudi? Nimepita tu. Nikitoka hapa ndiyo basi, mimi na Buger."

"Mama Lightness!" Sauti ya mzee Qamara ikateremka mlima mzima, ikagonga bati. "Umesema nisifungue mdomo, lakini mvua inakuja! Hili godoro nashusha chumba kipi? Na sufuria? Na hawa kuku wako wameshakata kamba!"

Petronila akabaki na mguu mmoja kwenye ngazi, anashika hereni yake kana kwamba imelegea.

"Huko Kansay," Tluway akauliza, "wageni wa ubarikio siku hizi wanakwenda na godoro?"